Amri ya Kupanda

Ligi ilikuwa imechezwa mechi moja tu, na tayari kila mtu mjini alikuwa kocha isipokuwa kocha mwenyewe. Yeye alikuwa juu ya ngazi, anapaka rangi ukuta wa zahanati, na kila aliyepita chini alimrushia neno lile lile.

"Panda, kocha, panda!"

Wengine waliongeza chumvi. "Umepanda vizuri, lakini nyuma amebaki nani?" Halafu kicheko, halafu mtu anakwenda zake akijiona amesema jambo ambalo halijawahi kusemwa.

Kocha alichovya brashi, akaikung'uta ukingoni mwa ndoo, akaendelea kushuka na ukuta taratibu. Fundi rangi hujifunza mapema kwamba ukigeuka kumjibu kila anayekuita, utakayeanguka ni wewe, si yeye.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jumamosi, mechi ya kwanza ya msimu, uwanja wa nyumbani, dhidi ya timu iliyopanda daraja juzi juzi tu, ambayo wengi walikuwa hata hawajalishika jina lake vizuri. Dakika ya themanini na nane, sare ya bao moja kwa moja. Watu wenye akili timamu wangekaa nyuma, wakachukua pointi yao moja, wakaenda kuoga. Kocha alisimama kwenye mstari wa chaki, akaweka viganja mdomoni, akamwita beki wake wa kulia kwa sauti iliyosikika mpaka vyooni: "Panda!" Beki akapanda. Kiungo akanyang'anywa mpira, winga wa wageni akakimbilia lile shamba lililoachwa wazi, na dakika hiyo hiyo kipa alikuwa anaokota mpira wavuni. Mbili kwa moja. Filimbi.

Tangu hapo akapewa jina la Kocha Panda, na jina halikumuuma. Aliamini, na mpaka leo anaamini, kwamba timu inayoogopa kupanda ikiwa nyumbani kwake ijiandae kushuka daraja. Kilichomuuma ni maneno yaliyoanza Jumapili kwa kunong'onwa na kufikia Jumatatu yakisemwa mchana kweupe: kwamba yule beki alikuwa ameuza mechi.

Beki mwenyewe aliitwa Mwokaji, kwa sababu ndiyo kazi iliyomlisha. Saa tisa alfajiri anakanda unga, saa kumi na moja anatoa mikate, jioni anafanya mazoezi, Jumamosi anacheza. Kocha alimfuata Jumanne asubuhi, akamkuta nyuma ya duka la mikate anasugua trei kwa nguvu, kana kwamba trei ndizo zilizomsema.

"Shikamoo, kocha," Mwokaji alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Habari ya kazi?"

"Kazi ipo. Wateja ndio wamekuwa wachunguzi. Mama yangu alikuja kununua mkate jana, mtu akamwuliza kwenye foleni, 'Huyu mwanao amelipwa kiasi gani?' Mama yangu, kocha. Aliondoka bila mkate."

Kocha alivuta ndoo tupu akaikalia.

"Nikuulize kitu," Mwokaji akaendelea. "Tulikubaliana. Nikiishiwa pumzi, nainua mkono, huniiti. Nilipoinua mkono, uliuona?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Siku tatu nzima kocha alikuwa ameuzunguka bila kuukanyaga. Angeweza kusema jua lilikuwa machoni. Angeweza kusema mwamuzi alimziba. Kutoka juu ya ngazi alikuwa ameshazipanga sababu zote hizo, na kila moja ilikuwa nzuri.

"Niliuona," alisema.

Mwokaji aliacha kusugua.

"Uliuona, ukaniita?"

"Niliuona nikakuita. Niliutaka ushindi. Uroho tu, hakuna kingine."

Mwokaji aliiweka trei chini. Alikuwa kijana mpole, wa aina ile inayoomba radhi ikikanyagwa, na hasira ilikuwa haijazoea kukaa usoni pake. "Basi ningependa na wao walijue hilo," alisema mwishowe, na akarudi kwenye trei zake.

Sasa mwenyekiti wa klabu alikuwa shemeji yake kocha, kaka mkubwa wa mkewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ofisi ya klabu ilikuwa chumba cha nyuma cha duka hilo, na kamati ilizoea kukutana humo wajumbe wakiwa wamekalia mifuko ya saruji, kila mmoja akitoka na alama nyeupe makalioni. Kocha aliitwa Alhamisi jioni. Kabla hajatoka nyumbani, mkewe alimfuata mlangoni akiwa na pasi mkononi.

"Watakupa karatasi ya kusaini," alisema. "Wifi yangu ameniambia. Wanataka useme yule kijana alipanda kwa akili zake."

"Nikisaini?"

"Ukisaini unabaki kocha, na kijana wa watu anakwenda na maji. Usiposaini, kaka yangu atavimba. Mwache avimbe. Mimi nimekua naye. Tangu utoto akifungwa bao, hamtafuti aliyefunga, anatafuta aliyegusa mpira kwa mkono." Akamkagua kola. "Ila mume wangu, na wewe usijifanye malaika. Hata mimi nilikuwa uwanjani. Kuita pale, kulikuwa kuita gani?"

"Kulikuwa kuita sawa, kwa mtu aliyechoka."

"Basi kaseme hivyo hivyo."

Karatasi ilikuwepo kweli, imepigwa chapa na kugongwa muhuri. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti ya kusomea wosia. Ilisema kwamba yeye, kocha mkuu, anathibitisha kuwa katika dakika ya themanini na nane beki wa kulia aliacha nafasi yake bila amri ya benchi.

"Weka sahihi hapa, shemeji, tuyamalize," mwenyekiti alisema, akimsogezea kalamu juu ya kaunta. "Mashabiki wanataka kichwa. Tukiwapa cha huyu, chako kinapona. Hata hivyo mimi wateja wangu nimeshawaambia, yule mtoto ana lake jambo."

"Umewaambia wewe?"

"Watu wananiuliza. Nikae kimya?"

Kocha alihisi damu inampanda kichwani. Alikuwa ameyatafuta yalikotoka maneno yale mji mzima, kumbe yalikuwa yanauzwa hapa hapa pamoja na misumari.

"Niliita mimi," alisema. "Uwanja mzima ulinisikia. Mnataka kuuambia uwanja mzima ni kiziwi?"

"Sasa, shemeji..."

"Sijamaliza. Kuna msilolijua. Kabla sijamwita, kijana aliinua mkono kuniambia pumzi imekata. Nikaona, nikamwita vile vile. Kosa ni langu kuanzia kichwani mpaka kwenye kucha. Mnataka kuandika kitu, andikeni hicho, nitasaini sasa hivi. Lakini neno la kuuza mechi, atakayelisema tena mbele yangu, mimi na yeye hatutaelewana."

Mweka hazina alijikuna shingo. Kamati ilikuwa imejiandaa kumbana kocha anayekana, ikajikuta na kocha anayekiri zaidi ya ilivyomshtaki, na haikujua imshike wapi.

"Na utaita tena?" mwenyekiti aliuliza.

"Jumamosi hii hii, nikiona njia."

Mwenyekiti alipasua ukurasa kwenye kitabu cha risiti, akaandika mwenyewe kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Alipomaliza akaisoma: kuanzia siku hiyo beki wa kulia asivuke mstari wa kati kwa sababu yoyote ile, na kocha akimwamuru kuvuka, awe amejifukuza mwenyewe. "Hii nayo utaikataa?"

Kocha aliichukua, akaisoma mara mbili, ya pili polepole zaidi. Kisha akasaini kwa herufi kubwa zile anazochorea vibao vya maduka, akawaaga, akatoka na vumbi lake la saruji.

Jumamosi uwanja ulijaa, kwa sababu watu hupenda kushuhudia mtu akinyongwa hata kama tiketi ni ghali. Mwokaji alianza upande wa kulia kama kawaida. Kamati ilitaka akae benchi, kocha akasema karatasi haikutaja benchi. Upande wa kushoto alicheza Nanga, seremala mwenye miaka thelathini na sita, aliyepewa jina hilo kwa sababu haondoki alipowekwa. Katika misimu sita Nanga alikuwa hajawahi kuvuka mstari wa kati, isipokuwa timu zikibadilishana magoli.

Mechi ilikuwa ngumu na haikuwa nzuri. Kila Mwokaji alipogusa mpira, jukwaa lilimzomea: "Umelipwa ngapi?" Alicheza kichwa kikiwa chini, lakini hakupoteza pasi hata moja, na mara mbili alimvua winga mpira kwa usafi mpaka wazomeaji wakasahau kuzomea. Dakika ya themanini ikafika, hakuna aliyemfunga mwenzake. Mwenyekiti alikuwa amehama jukwaa kuu, amesimama nyuma ya benchi, pumzi yake ikimfikia kocha shingoni.

Dakika ya themanini na sita wageni wakapiga kona, kipa akaudaka, na ghafla uwanja ukafunguka. Wageni walikuwa wamejazana upande mmoja. Kipa akamrushia Mwokaji, na mbele ya Mwokaji njia ilikuwa nyeupe. Jukwaa likaanza kuimba kwa kejeli, "Panda! Panda!"

Kocha hakuitazama njia. Alimtazama mtu. Mwokaji alikuwa ameusimamisha mpira mguuni, kifua kinapanda na kushuka, na mkono wake wa kulia uko juu, viganja vyote vya jukwaa vikimpigia makofi ya dhihaka.

"Kaeni!" mwenyekiti alifoka. "Kaeni nyuma!"

Kocha aliweka mikono mdomoni. Hakuelekea kulia. Aligeukia upande wa pili wa uwanja, ambako Nanga alikuwa amesimama peke yake ametulia na mikono kiunoni.

"Nanga! Panda!"

Nanga alijigusa kifua. Mimi?

"Wewe! Unangoja mwaliko? Panda!"

Mwokaji alielewa kabla ya Nanga. Akaupiga mpira mrefu, ukapita juu ya vichwa vya watu wote, ukatua mbele ya seremala, na seremala, kwa kukosa la kufanya, akaanza kukimbia nao. Winga aliyetakiwa kumkaba alimwachia akicheka. Hakuna aliyewahi kuona hatari ikitoka pale.

Mwenyekiti alimkamata kocha mkono wa shati. "Karatasi! Umesaini karatasi!"

"Karatasi inasema beki wa kulia, shemeji. Yule ni wa kushoto."

"Unanichezea!"

"Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako. Niachie shati, natazama mpira."

Nanga alifika karibu na kibendera cha kona akiwa anatweta. Hakujua kupiga krosi, hakuwahi kuhitaji kujua, kwa hiyo akaufumua mpira kwa kidole gumba cha mguu. Ukaenda chini chini, mbaya, ukapita katikati ya miguu ya mabeki wawili walioutegemea uje juu, na mshambuliaji akausindikiza tu. Wavu ukatikisika. Nanga alilala pale pale chini, akagoma kuamka, na ikabidi wenzake wamshangilie akiwa amelala.

Dakika nne zilizobaki zilikuwa ndefu. Wageni walikuja mara moja, kwa kasi, upande wa kulia, na wakamkuta Mwokaji amesimama pale alipotakiwa kuwa. Alimzuia winga, akautoa mpira nje, akainama kushika magoti. Filimbi ikalia.

Watu waliingia uwanjani. Wale wale waliokuwa wakiimba 'Panda' sasa walimbeba Nanga, ambaye aliomba maji kuliko sifa. Kamati ilimjia kocha kwa pamoja, mwenyekiti mbele, uso umeng'aa, mkono umenyooshwa tangu mbali.

"Shemeji! Mimi nilisema tangu zamani, huyu mtu ana kichwa!"

Kocha alitia mikono mfukoni.

"Mkono huo si wangu," alisema. "Mpelekee yule." Akaonyesha kwa kidevu. Mwokaji alikuwa ameketi kwenye nyasi, peke yake, anafungua kamba za viatu.

Mwenyekiti alicheka kicheko kifupi, akaangalia kulia na kushoto. Watu walikuwa wamesogea kusikiliza. "Tumeshinda, shemeji. Mambo ya nini tena?"

"Tungefungwa ningekuambia hivi hivi. Ulimsema dukani kwako mbele ya wateja. Kamwombe radhi hapa, mbele ya hawa."

"Mimi ni mkubwa wako. Ni kaka wa mkeo."

"Ndiyo maana nakuambia kwa heshima. Jumatatu saa kumi nina mazoezi. Kama mmempata kocha mwingine, nitakuja kumkabidhi mipira. Kama hamjampata, nitafundisha kupanda, kulia na kushoto. Lakini kijana huyu hatakanyaga uwanja huu tena akiwa na jina la mwizi. Mkono wako ninao muda wa kuupokea. Ule anaostahili yeye ndio umechelewa."

Mwenyekiti alibaki na mkono hewani kwa muda ambao hakuna mwenye duka angependa kuonekana hivyo. Kisha akaushusha, akashusha na mabega, akaanza kutembea. Umati ulimpisha. Alisimama mbele ya Mwokaji, akakohoa, akasema maneno ambayo kocha hakuyasikia, na akaunyoosha mkono upya.

Mwokaji hakuinuka haraka. Alimaliza kiatu cha kushoto, akafungua cha kulia, akavipanga pamoja kwenye nyasi. Kisha akainua uso.

"Sijasikia, mwenyekiti," alisema. "Sema kwa sauti."