Ng'ombe wa Uso Mweupe

Mwezi wa kumi nchi ya Ufipa hukauka mpaka njia zikawa unga. Mahindi yameshavunwa, mabua yamebaki yakinong'ona mashambani, na ng'ombe wa kijiji kizima huachiwa wazurure humo pamoja, wa huyu na wa yule, mpaka mvua ije iwatenganishe. Kivuli hakuna. Jua la huku juu halichomi sana, maana baridi haiishi. Lakini mwanga wake ni mkali. Humwagika, ukagonga vumbi, ukarudi tena usoni kwa mtu, hata mwenye kutembea adhuhuri hajui kama yuko macho au anaota.

Katika mwanga huo ndipo Pasaka alipoanza kutokwa machozi.

Evodia alimwona Jumatatu asubuhi alipofungua zizi. Mstari wa maji ulishuka kutoka jicho la kushoto hadi kwenye taya, na jicho lenyewe lilifumbwa nusu, kama la mtu anayesikiliza wimbo wa mbali. Pasaka alikuwa mtamba mwenye mimba yake ya kwanza, mtoto wa ng'ombe wa kienyeji na dume la misheni ya Kaengesa, aliyezaliwa alfajiri ya Jumapili ya Pasaka. Mwili wake ulikuwa mwekundu, lakini uso mweupe mtupu, kope nyeupe, na ngozi inayozunguka macho ilikuwa ya waridi kama kiganja cha mtoto mchanga. Ng'ombe mwingine wa namna ile hakuwapo kijijini. Evodia, mjane wa miaka sitini na mbili, alikuwa akimtazama kila asubuhi kabla hajatazama kitu kingine chochote.

Na jana yake tu, wakitoka kanisani, jirani yake Bertilla alikuwa amesimama penye mlango wa zizi.

"Mama Loth, huyu mmempaka unga? Mimi nikimwona nasahau hata nilikokuwa naenda."

Walicheka wote wawili. Jumapili walicheka, Jumatatu jicho likatoa maji. Wazo likaingia moyoni mwa Evodia taratibu, kama moshi unavyoingia nyumbani bila kubisha hodi.

Kufika Alhamisi, katikati ya jicho palikuwa na nukta nyeupe. Kufika Jumapili nukta ilikuwa imetanda, na jicho lote limekuwa la samawati hafifu, kama maziwa yaliyodondoka ndani ya maji.

Evodia alifanya alivyofundishwa na mama yake, akaongeza na imani yake. Alichukua kitambaa cheupe cha pamba, akamimina maji ya baraka katika bakuli, na kila asubuhi na jioni akamfuta Pasaka macho huku akisali Salamu Maria. Alimfuta kwa upole, jicho bovu kwanza, kisha lile zima. Alipomaliza aliona si haki kuwaacha wengine. Akachovya tena, akamfuta Bandera, mama yake Pasaka. Kisha maksai wake wawili wa kulimia, Injini na Mashine. Neema haibagui, alijiambia. Ng'ombe walisimama kwa zamu, wakiinamisha vichwa kama waumini.

Wiki ya pili Bandera akatoa machozi. Siku tatu baadaye, Injini. Na jicho la kulia la Pasaka, lile zima, likaanza kung'aa maji.

Mwanawe Loth, aliyekuwa akinunua mahindi Laela, alipiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Nimesikia ng'ombe anapofuka. Mama, ng'ombe kipofu ni nyama inayotembea. Jumamosi nakuja na mtu wa bucha."

"Ana mimba, Loth."

"Atamwonaje ndama wake? Atamkanyaga."

"Nasali."

"Sali, mama. Sali sana. Ila Jumamosi nakuja."

Siku hizo Bertilla alipopita njiani aliinama kidogo na kupiga makofi yale ya polepole, viganja vikigusana kama vinavyoogopa kuumizana, ndiyo salamu ya wanawake wa Ufipa. Evodia hakuitikia. Aligeuka, akajifanya anafunga kanga. Makofi ya Bertilla yakabaki hewani bila mwenzake.

Jumatano adhuhuri aliwafuata ng'ombe mabuani, rozari mkononi. Pasaka alitembea akiwa ameinua kichwa, akijikwaa kwenye matuta. Evodia akataka kujua anaona nini. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, na la kulia akalifumba karibu lote, akaacha uwazi mwembamba, akatembea. Nchi ikainama upande. Mabua yakawa mistari ya mwanga, miguu yake ikawa mbali naye, na weupe ukamjia kutoka kila upande, kutoka ardhini, kutoka mbinguni, mpaka asijue kama anatembea au anaelea. Ncha ya bua ikamchoma shavuni, chini kidogo ya jicho. Nzi akaja akatua penye tone la jasho shavuni pake, akanywa, akaruka, akatua kwenye jicho la Pasaka, akanywa tena. Evodia alisimama hapo muda mrefu. Alihisi kwamba ameonyeshwa kitu, lakini hakujua ni nini. Kengele ya saa sita ikalia kutoka kigangoni, naye akasali Malaika wa Bwana akiwa amefumba macho yote mawili.

Alhamisi asubuhi pikipiki ilisimama uani. Alikuwa Jenifa, afisa mifugo wa kata, msichana wa miaka ishirini na sita ambaye kijiji kizima kilimwita bwana mifugo, naye alikuwa amekwisha kuchoka kukataa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani amekuita?"

"Mama Polikarp. Amenipigia mara nne. Akasema, njoo haraka, ng'ombe wa jirani yangu wanapofuka naye hasemi na mtu."

Mama Polikarp ndiye Bertilla. Evodia alishika nguzo ya zizi.

Jenifa alimwinua Pasaka kichwa kuelekea mwanga, akatazama. Kisha akauliza nani alianza kuugua, nani akafuata. Evodia akataja: Pasaka, Bandera, Injini.

"Na huyu mwingine?"

"Mashine bado."

"Mama, umewatibu kwa kitu gani?"

Evodia akaleta bakuli na kitambaa, akaeleza yote, hata sala. Alipofika mahali pa kusema "kisha namfuta Bandera, kisha Injini, Mashine wa mwisho," sauti yake ikapungua. Alisikia mpangilio wake mwenyewe. Ulikuwa ule ule wa ugonjwa.

"Ni mimi," alisema.

"Hukuuanzisha wewe, mama." Jenifa alichuchumaa. "Huu unaletwa na vijidudu vidogo visivyoonekana. Vinaweza kukaa kwenye jicho la ng'ombe mzima asiumwe, wala usijue. Nzi anakunywa machozi hapa, anavipeleka pale. Na ng'ombe wenu wote wanalishwa pamoja. Hata kwa Mama Polikarp yuko mmoja anatoa machozi. Lakini jicho likiwa zima, vinapata shida kuingia. Vumbi likilikwaruza, au bua, au mwanga mkali kama huu, ndipo vinapata mlango."

"Mbona alianza huyu?"

"Mtazame. Bandera ana weusi kuzunguka macho, kama kofia yenye ukingo. Huyu hana. Mwanga wote unaingia, na nzi wanajaa. Tena ni mdogo, mwili wake haujapata kuujua ugonjwa huu."

"Na maji ya baraka?"

Jenifa alikiinua kile kitambaa. "Maji hayana kosa. Ila kitambaa kimoja kwa macho manane, mama, kimefanya kazi ya nzi."

Evodia alicheka, kisha akalia. Machozi na kicheko vilitoka pamoja, na Jenifa akamwacha, akaenda kutayarisha sindano. Akawachoma wote wanne, akawapaka dawa ya mafuta machoni, wawili wa kwanza kwa vidole vyake, wengine Evodia mwenyewe, akinawa mikono kwa sabuni kila alipotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

"La kushoto sikuahidi," alisema Jenifa akipanda pikipiki. "La kulia linaweza kupona, lakini lifunikwe lisione jua. Kata kipande cha jinzi, kishonwe mfano wa mfuko, ukibandike kwa gundi kwenye manyoya kuzunguka jicho. Kitadondoka chenyewe likishapoa. Una mtu mwenye cherehani?"

Kijijini cherehani zilikuwa mbili, na moja ilikuwa mbovu.

Oktoba ni mwezi wa Rozari, na katika jumuiya yao sanamu ya Mama Maria huhama nyumba kwa nyumba, kila siku saa kumi jioni. Siku hiyo ilikuwa kwa Bertilla. Kesho yake Bertilla angeipeleka kwa Evodia. Lakini Evodia hakungoja kuletewa. Alikwenda kabla wengine hawajafika, akapiga magoti uani, akapiga makofi yale ya polepole.

Bertilla alikuwa akifagia. Hakuitikia mara moja. "Leo mikono imepatikana."

"Mama Polikarp, nimekuwazia vibaya."

"Najua. Umeniwazia husuda."

"Sikusema neno."

"Hukusema! Ungesema ningekujibu. Umenipita siku kumi na moja kama kisiki."

"Nisamehe. Kumbe ni mimi, na kitambaa changu."

Akaeleza. Bertilla alisikiliza ameegemea fagio. Kisha akaingia ndani, akatoka na suruali ya jinzi, akaipiga mkasi kwenye paja bila kuipima.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Polikarp. Anaringia nayo mjini Sumbawanga. Piga sala haraka, akirudi patakuwa na msiba."

Cherehani ikalia. Wanajumuiya walipofika na rozari zao waliwakuta wanawake wawili wakibishana juu ya ukubwa wa jicho la ng'ombe.

Jumamosi Loth alikuja na mtu wa bucha, mnene, mpole. Alimtazama Pasaka mwenye jicho moja jeupe na jingine la jinzi, akatikisa kichwa.

"Amechomwa sindano Alhamisi," alisema Evodia. "Nyama yake hailiwi mpaka mwezi upite. Muulize bwana mifugo."

Mtu wa bucha alimgeukia Loth. "Basi umenileta kuangalia mitindo?"

Loth alichoka kukasirika. Aliketi juu ya jiwe, akala ugali wa ulezi, akasema mwezi ukiisha atarudi. Evodia akamjibu kwamba atakaribishwa.

Siku zikapita zikiwa na rangi ya vumbi. Pasaka alikaa zizini, chini ya paa la nyasi alilolijenga Evodia kwa ajili yake, akiletewa majani na maji, akipepesa masikio aliposikia hatua. Evodia alisali karibu naye, wakati mwingine akisinzia katikati ya fumbo la tatu la rozari, na ndotoni alikuwa akitembea katika weupe akiwa ameshika mkia wa mtu asiyemwona.

Siku ya kumi na mbili kile kipande kilidondoka. Bertilla ndiye aliyekikuta kwenye samadi, akamwita. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki na kovu jeupe, nalo lisingerudi. La kulia lilikuwa wazi. Lilikuwa na wingu dogo pembeni, na katikati palikuwa na weusi.

"Mjaribu," alisema Bertilla.

"Naogopa."

"Basi utakaa bila kujua mpaka Loth aje?"

Jenifa alikuwa amewafundisha: peleka mkono bila kumgusa, bila kuleta upepo. Evodia aliinua kiganja polepole, akakisogeza. Pasaka alikuwa akitafuna. Kiganja kikakaribia. Kope nyeupe zikafumba, zikafumbuka.

Evodia alirudisha mkono, hakuamini. Akaupeleka tena, na kope zikafumba tena. Mara ya tatu Pasaka aliguna, akasogeza kichwa pembeni, akarudia majani yake.

"Mwache ale, Mama Loth," alisema Bertilla. "Ameshakuona."