Mpogoro Aliyelia Kweli

Albano alitoka nyumbani kwenda kununua gundi ya mbao, akarudi baada ya miaka ishirini na kitu, bila gundi. Hapo katikati aliishi Mtwara na mwanamke mwenye baa, halafu wakawa hawana baa, halafu akawa hana mwanamke. Alipotua tena Keko na kuanza kuchonga vitanda jirani na kibanda changu cha makochi, alikuwa na meno ya kuhesabika, magoti yanayolia kuliko bawaba za makabati yake, na habari kwamba amebadilika.

Nilimwambia mzee wa miaka sitini na tano kubadilika si ajabu, hata ubao hubadilika ukinyeshewa. Hakucheka. Mpogoro wa Mahenge asiyecheka ni mgonjwa, nikajua hili limemkaa.

Alichotaka ni kimoja: Yustina, mkewe wa ndoa ya kanisani, Mngoni wa Peramiho, amsamehe na amrudishe nyumbani. Yustina alimlea peke yake binti yao, Noela, aliyeachwa akiwa bado anatambaa. Akafundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, akajenga Madale, akamchukua na mama yake mzazi. Picha zote za harusi alizikata upande mmoja. Hizo niliziona kwa macho yangu ukutani kwake, maana mie ndiye niliyetumwa kupeleka ombi. Akanipa chai na maandazi, akanisikiliza hadi mwisho kama anayesahihisha insha, kisha akanijibu kwamba Albano aliondoka watu wote wakiona, basi na aje aseme watu wote wakisikia. Asitume fundi makochi.

"Mbele za watu?" Albano akauliza nilipomfikishia.

"Mbele za watu."

Akaanza mazoezi. Kila asubuhi alisimama mbele ya kabati lenye kioo, akaliomba msamaha. Kabati lile tuliliuza kwa mama mmoja wa Tandale, na sina hakika kama lilikuwa limeshamsamehe. Tatizo likawa watu wa kusikia. Kanisani padri hampi mtu kipaza sauti hivi hivi, na mkutano wa mtaa kazi yake ni kugombania takataka. Ndipo zikaja habari kwamba bibi Rosalia, mama yake Yustina, amefariki na atazikwa kesho yake hukohuko Madale. Naona haya kulisema, lakini Albano aliposikia alinawiri usoni. Watu walikuwa wamepatikana.

Nikamkumbusha kwamba mkwe msibani hukaa nyuma na kuinamisha kichwa. Akasema atainamisha akishamaliza.

Tulikuta maturubai mawili, viti vya plastiki, wanaume nje wakibishana mpira kwa sauti ya huzuni, na wanawake ndani wakiimba. Albano alivaa koti lake la harusi, lililokuwa limekataa kufunga siku nyingi. Mie nilitegemea tutafukuzwa getini. Hakuna aliyemtambua. Ndugu za Yustina walikuja na basi kutoka Songea. Harusini hawakuwahi kufika, walimjua kwa sifa tu, na sifa zenyewe zilikuwa zimeshamfanya jitu refu lenye masharubu. Mtu pekee ambaye angemtambua upesi, ukiacha Yustina, alikuwa ndani ya jeneza.

Fransis, mdogo wake Yustina, akatupokea kwa shikamoo, akauliza wazee tumetokea wapi. Albano akamjibu kwa ile lafudhi yake ya Mahenge, ambayo hata Mtwara ilishindwa kuitoa. Fransis akamkazia macho.

"Mzee, wewe Mpogoro?"

"Mpogoro."

Uso ule uliokuwa umekunjamana tangu asubuhi ukafunguka kama mwavuli. Akawageukia watu akawatangazia kwamba mtani amefika.

Asiyejua na ajue: Wangoni na Wapogoro ni watani tangu mababu waache kupigana. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumsema marehemu mbele yake, kuvaa nguo zake, hata kulala mlangoni jeneza lisitoke mpaka apewe anachodai. Na lolote atakalosema mtani halikasirikiwi. Msiba wa Mngoni usio na mtani ni mboga isiyo na chumvi, na pale Madale tangu jana yake walikuwa wakiulizia Mpogoro, hata wa kuazima.

Tangazo hilo Albano hakulijali. Alikuwa ameshaingia sebuleni na kupiga magoti mbele ya jeneza. Niliyasikia magoti kabla ya kuisikia sauti.

"Mama," akalia, "mie ndiye niliyemharibia mwanao maisha."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa akina mama wa jikoni.

Akaendelea. Akaeleza alivyomwacha Yustina na mtoto mchanga, alivyomfuata mwanamke kwa ajili ya mapaja na bia ya bure, alivyouza cherehani ya mkewe apate nauli. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila la kweli lilipigiwa makofi. Mtu akasema hao ndio Wapogoro wenyewe, huwajui. Shangazi mmoja aliyekuwa akijifuta machozi ya aina nyingine kabisa akamfunga kanga ya marehemu kiunoni, mwenzake akampiga kilemba na kumshikisha mkongojo. Albano akawageukia, machozi na kamasi vimekuwa kitu kimoja.

"Jamani, sitanii."

Nyumba nusura ianguke. Mtani gani aliwahi kusema anatania?

Aliyecheka kuliko wote ni msichana mmoja wa gauni jeusi, macho mekundu kwa kulia tangu juzi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamsogelea, akampa kitambaa chake ajifute.

"Babu, bibi yangu angekupenda sana."

Alikuwa na paji la uso la Albano, pana kama ubao wa kichwani wa kitanda. Albano akapokea kitambaa, akamtazama, mdomo wazi. Hotuba yote ya kabati ikamwishia hapo.

Na hapo ndipo Yustina alipotoka chumbani. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi, lakini kwa alivyosimama nilihisi amesikia kuanzia "Mama". Watu wakamsukumia Albano mlangoni, alale, adai haki yake. Akalala, kwa shida, kanga na koti na magoti. Fransis akamuuliza mtani anadai nini mpaka apishe. Albano hakumjibu Fransis. Alimtazama Yustina kutokea chini kule sakafuni.

"Nadai nirudi nyumbani."

Wakacheka tena, wengine wakipiga mapaja. Yustina hakucheka, wala hakukasirika. Akasema kwa sauti yake ya darasani kwamba kwake mtani anayedai huosha kwanza masufuria. Watu wakashangilia, Albano akainuliwa, tukaenda kuzika.

Tuliporudi kutoka makaburini alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye masufuria ya ubwabwa yenye masizi ya kuni. Hakuivua ile kanga. Nikamsaidia kusugua kwa mchanga na majivu. Baadaye Yustina akaja na kigoda, akakaa.

"Nilitaka watu wasikie," akasema. "Wamesikia."

"Hawakuamini."

"Mimi niliamini. Si nilikuwepo yakitokea?"

Albano akauliza kama basi ndiyo kusamehewa. Yustina akamwonyesha kwanza sehemu iliyobaki na masizi.

"Mtani hakasirikiwi. Ukitaka nikusamehe kama mume, Albano, itabidi nikae nikukasirikie upya. Na hizo hasira nilizimaliza Noela alipoanza darasa la kwanza. Nguvu ya kuanza tena sina."

"Sasa mie nabaki nani hapa?"

Hapo yule msichana wa gauni jeusi akatokea na simu mkononi. Alisema wajomba zake wamefurahi, msiba umekuwa msiba, na wanamwomba babu aje na kwenye arobaini, asikose. Wanahitaji namba yake. Albano akaitaja polepole, sabuni ikimchuruzika hadi viwiko.

"Nikuandike nani, babu?"

Mzee akamtazama Yustina. Yustina alikuwa akitazama ndani ya sufuria kana kwamba kuna kitu kinaungua mle. Hakumkataza, hakumruhusu. Kwa mara ya kwanza tangu aende kununua gundi, Albano alikuwa ameachiwa aamue jambo la nyumba hiyo. Na msikilizaji alikuwa huyu hapa, mmoja, mwenye adabu, tayari kuamini lolote atakaloambiwa.

"Andika Mtani," akasema.

Noela akaandika, akaipiga ile namba ili naye abaki na yake. Simu ikaanza kulia ndani ya koti, chini ya kanga ya marehemu. Albano akababaika, mikono imejaa povu.

"Usihangaike, babu. Ni mimi tu."

Akaiacha ilie. Yustina akamsogezea sufuria la pili.