Kucha za Bibi Devota

…na hiki kidole gumba ndicho kigumu kuliko vyote, nimekiloweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu na bado ukucha unagoma, wembe unateleza, taratibu mjukuu wangu, anasema bibi, hicho ndicho kinachoshika jembe, macho kayafumba, jua la alasiri limemlalia miguuni, na mimi nimekuja Kilosa kumwambia naacha chuo, tangu juzi maneno yanafika mdomoni yanageuka habari za mvua, za mto Mkondoa kujaa, na yeye anawaambia majirani Loveth anasomea uchunguzi wa jinai, anatambua watu… nakigeuza kidole kwenye mwanga, hakina mistari, mkonge wa mashamba ya Kimamba ulianza kuifuta, jembe likamalizia, kimekuwa laini kama kokoto ya mtoni, na yule mama naye alikuwa hivi hivi, yule wa mochwari, aligongwa na gari barabara ya Mikumi, hana simu, hana kitambulisho, mwalimu wetu Dokta Cosmas akaniambia nichukue alama za vidole, nikapaka wino, nikabingirisha kimoja kimoja kwenye karatasi, kila kimoja kikaacha doa jeusi tupu, nikarudia, nikarudia, mpaka mwalimu akanigusa bega, basi, akarudishwa kwenye jokofu na namba yake, na tangu hapo nikilala naona mikono inaelea juu ya maji kama majani, haina wenyewe… mbona umeacha kukata, anauliza bibi, na sijui imetokaje, nasema kuna mama mmoja alikufa bibi, vidole vyake kama vyako, nimeshindwa kumjua, namwambia yote, barabara, wino, namba, hata la kuacha chuo, kwa sauti ndogo, nikiangalia beseni, bibi nadhani kalala, treni ya mizigo inapita upande wa stesheni, maji yanatetemeka duara ndani ya duara, nasikia harufu ya mkonge mbichi, namwona bibi msichana, viganja vina vidonda, anacheka na wenzake njiani…

“Kulikuwa na mtu wa kumshika mkono?”

macho bado kayafumba, nataka kusema hapana, hakuja mtu, alilala peke yake kwenye ile baridi, halafu naukumbuka mkono wake ndani ya wangu, uzito wake, nilivyovikunjua vidole polepole kama vya mtoto aliyelala, wenzangu walipotoka nikabaki navifuta wino kwa pamba, sikutaka azikwe mikono michafu, wala sikuwahi kuliwaza tena hilo mpaka sasa…

“Nilimshika mimi.”

bibi anaguna, kama mtu aliyeambiwa chai imeiva, basi hakwenda bila mtu, anasema, ananipa mkono wa pili, naupokea, wembe unakwangua, maji yanapoa, Jumatatu tuna mochwari tena, sijui nani atakuwa mezani, nitamwamkia kwanza, kimoyomoyo, shikamoo, halafu nitaushika mkono…