Kikombe cha Maziwa

Nyundo, binti aliyekuwa tishio la ulingo wa vijana, alishinda na njaa tangu jana ili uzito wake usizidi kiwango cha fainali. Asubuhi bibi yake aliyemlea akamsukumia kikombe cha maziwa.

"Kunywa, mke mwenzangu. Mfuko mtupu utasimama?"

Nyundo akaona akikataa atamvunja moyo, akanywa.

Kwenye mizani akakutwa amezidi kidogo. Ili apungue, alizunguka ukumbi mbio, akatema mate mpaka koo likakauka. Muda wa kupima uzito ukaisha, ushindi akapewa mpinzani bila kurusha ngumi. Na mwakani umri wa vijana ungekuwa umempita.

Nyumbani majirani walijaa hadi mlangoni. "Bingwa huyo! Tupisheni tumbebe!"

"Nimepigwa," alisema Nyundo.

Bibi akamshika mashavu, akamgeuza uso huku na huku, asione hata mkwaruzo.

"Basi nguvu ndizo zilizokuishia, mjukuu wangu. Kosa langu hilo. Kikombe kimoja kinamtosha nani? Siku nyingine nitakupa viwili."

"Haya, Bibi," alijibu Nyundo, akainama kufungua viatu ambavyo tayari vilikuwa vimefunguliwa.