Sahihi ya Anayetangulia

Mimi si mwongo wa kuzaliwa. Uongo nimejifunza ukubwani, nilipofika miaka hamsini na mbili na jicho langu la kulia likaanza kunikana. Mbali naona vizuri. Nyati akiwa ng'ambo ya bonde nakuambia ni dume au jike. Kinachonishinda ni kile kijiti cha chuma kilichosimama mdomoni mwa bunduki. Zamani kilikuwa kimoja, sasa ni viwili, na vyote vimeota manyoya. Miwani niliijaribu kwa siri: chuma kikatulia, nyati akapotea.

Kazi yangu kwenye kituo cha wanyamapori ni kumpiga mnyama aliyeanza kuua watu. Nafanya na shemeji yangu, mume wa dada yangu wa mwisho. Yeye hutangulia akifuata nyayo, mimi niko hatua kumi nyuma yake na bunduki. Miezi miwili iliyopita nyati alimtokea ubavuni. Risasi zangu mbili za kwanza zilikwenda kusikojulikana. Ya tatu ilimwangusha mnyama, lakini paja la shemeji lilikuwa limeshachanwa. Nyuzi kumi na tisa. Kituoni wote walisema kichaka kilikuwa kizito. Nami nikasema kichaka kilikuwa kizito.

Baada ya ajali hiyo wakubwa waliamua bunduki yetu ifungwe darubini. Nilimshukuru Mungu hadi machozi yakanitoka, maana kwenye darubini hata jicho bovu kama langu linaona. Kisha nikaisoma barua hadi chini. Ijumaa angekuja mkaguzi: risasi tano kwa darubini, halafu darubini inavuliwa, risasi tano kwa vilengeo vya chuma, yaani kile kijiti cha mbele na mwenzake wa nyuma. Ukishindwa, unarudisha bunduki pamoja na ufunguo wa nyumba ya kazi. Katika nyumba hiyo nina mke, watoto wanne na mama mkwe asiyejua pengine pa kwenda. Lakini mwisho kabisa, kwa herufi ndogo za kuwaonea wazee, palikuwa na mlango wangu: bunduki ambayo darubini yake haivuliki itapimwa kwa darubini peke yake.

Kwa hiyo Jumatano tulipoingia karakana ya fundi bunduki, mimi nilikuwa nimeshachagua.

Fundi ni mama mfupi, tunamwita Mama Bisibisi, na ukimletea bunduki chafu anakusema kama umemletea mtoto asiyeogeshwa. Alitandika kitambaa mezani akaweka darubini mbili. Moja ilikuwa kubwa, ya kuvuta vitu vya mbali. Akasema hiyo ni ya watu wanaopiga makopo siku za mapumziko. Nyati akiwa hatua nane, utaona singa tu, hutajua ni za shingo au za mkia. Nikachukua ndogo bila ubishi. Ubishi nilikuwa nauweka akiba.

Akaleta vishikio viwili vya kuifunga. Cha kwanza kilikuwa na vipini viwili vya kubana: ukivivuta, darubini inachomoka mara moja na vilengeo vya chuma vinabaki wazi. Cha pili kilikuwa cha skrubu sita zilizotiwa gundi, na kukifunga ilibidi kilengeo cha nyuma kikatwe.

Nilisema nataka cha pili. Mama Bisibisi aliniuliza kama nimelala vizuri. Nikamwambia cha pili ni imara, vipini vinalegea, mimi nimekaa porini miaka ishirini na sita na sihitaji kufundishwa. Sauti yangu ilipanda. Ukiwa na kosa moyoni, hata swali la salamu unaliona tusi.

"Mvua ikiingia kwenye kioo utalenga na nini?" akauliza. "Darubini ni mgeni, baba. Chuma ndiye mwenye nyumba. Unamfukuza mwenye nyumba?"

Shemeji alikuwa amekaa kwenye stuli mlangoni, mguu mmoja umenyooshwa. Nilimwomba moyoni asiingilie.

Sasa kituoni kwetu pana kanuni ya zamani. Bunduki haitoki karakana bila fomu yenye sahihi mbili: ya mpigaji, na ya anayetangulia. Atakayekufa kwanza ni anayetangulia, kwa hiyo neno la mwisho ni lake. Miaka kumi na moja shemeji ametia sahihi yake bila hata kusoma. Huchora tu mkia wake mrefu, anauliza chai iko wapi.

Fundi alijaza fomu: kishikio cha skrubu, kilengeo cha nyuma kukatwa. Akamsogezea. Shemeji aliishika kalamu, na safari hii akasoma mstari kwa mstari.

"Siku ile," alisema, macho kwenye karatasi, "risasi ya tatu uliipiga bunduki ikiwa kwenye bega lako la kushoto. Mtu hahamii bega la kushoto katikati ya kifo kama jicho la kulia linaona."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miezi yote hii.

"Nilikuwa nakungoja wewe. Dada yako kila nikivaa viatu ananiuliza kama kaka yake yuko sawa. Namwambia yuko sawa." Akainua macho. "Ukisema nitie sahihi, natia. Una watoto, nina watoto. Ila nitazame, uniambie nitie."

Nilifungua mdomo. Niseme ukweli wangu: neno lilikuwa ulimini, limeiva, na watoto wangu wanne walikuwa wanalisukuma litoke. Nikalimeza.

"Sioni, shemeji. Karibu mwaka sasa. Ile ya bega la kushoto ilikuwa bahati. Nilitaka kukuua kwa aibu tu."

Nikalia mbele ya fundi na bisibisi zake, mtu mzima mwenye mvi.

Shemeji hakunibembeleza. Alisema naye daktari amemwambia mguu huo hautakimbia tena, na hajamwambia mtu, kwa sababu naye ana nyumba ya kazi. "Basi mimi sikimbii, wewe huoni chuma. Lakini nyayo unaziona. Tubadilishane." Shemeji alifundishwa bunduki zamani, akafaulu, ila hajawahi kumpiga kiumbe chochote.

Mama Bisibisi aliichana fomu, akajaza nyingine, akafunga kishikio cha vipini, kisha akaivua darubini na kumkabidhi shemeji bunduki. "Chuma kwanza," akasema. Nyuma ya karakana pana ukuta wa mifuko ya mchanga, mita hamsini, na karatasi ya shabaha katikati. Shemeji alisimama akiegemea mguu mzima. Mtutu ulikuwa unacheza. Akapiga tano, na baada ya kila moja nilimsikia akihema.

Fundi akaanza kutembea kwenda kuitazama karatasi. Kwa mbali naona vizuri, nimeshasema. Niligeuza uso nisiione.

Nikarudi mlangoni; fomu mpya ilikuwa mezani. Nikaivuta, nikatafuta mahali pa anayetangulia, nikatia sahihi yangu kabla fundi hajafika kwenye mifuko.