Uzi Uliovuka Reli

Mama Fundo alikuwa akiosha vikombe vya chai alipokohoa uzi. Ulikuwa uzi mweupe wa pamba, umesokotwa vizuri, na kila alipouvuta uliendelea kuja. Akafunga bomba, akakausha mikono, akaketi. Mume wake aliinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza.

"Mwembamba huo," alisema.

"Wa mashuka ya hospitali. Ndio niliousokota mpaka nikastaafu."

Hakuukata. Kwenye kiwanda cha nyuzi alikofanya kazi, aliyetupa uzi mzima alipewa barua ya onyo, na mikono yake bado iliogopa barua hiyo. Ncha iliyotangulia ilitoka dirishani, ikafuata ukuta wa jirani, ikavuka reli. Ncha ya mwisho ilipomtoka kinywani aliifunga kwenye nondo ya dirisha, akamshukuru Mungu kwa pumzi iliyobaki, akarudia vikombe.

Mchana fundi viatu wa ng'ambo ya reli alikuja, bado ameshika sindano.

"Mama, uzi wako umekutana na mwingine pale kibandani kwangu. Niufanyeje?"

"Huo mwingine wa nani?"

"Wa yule bibi wa ghorofani asiyeshuka."

Huyo alikuwa Kengele. Walisimama pamoja kwenye mashine za kusokotea tangu usichana wao. Mashine zile zilinguruma hata mtu asisikie sala yake mwenyewe, kwa hiyo wanawake walivutana kamba za aproni: ukivutwa, unavuta nawe, mwenzako ajue upo. Sauti ya Kengele peke yake ndiyo iliyopenya kelele ile. Sasa kifua kilikuwa kimembana. Ukimpigia simu, ulisikia mtu akihema, basi. Ngazi za kwake zilikuwa zimemshinda Mama Fundo, naye akihema vilevile.

Alienda kibandani taratibu, akaziunga nyuzi mbili kwa fundo dogo la kiwandani lililompa jina. Akavuta. Muda ukapita. Uzi ukavutwa kutoka upande wa pili.

"Yupo," alisema.

"Mungu mkubwa. Sasa niondolee uzi kwenye kiti cha wateja."

Wastaafu wengine nao walikohoa nyuzi zao, na Mama Fundo akaziunga zote. Wapita njia walizoea kuinama. Jirani alianika soksi juu yake. Ila Mama Fundo hakutulia tena. Aliunguza mboga. Aliamka katikati ya mlo kwenda kugusa uzi, akarudi, akaamka tena. Hata kwenye sala alisema amina kabla ya kumaliza.

"Mungu anaweza kunisubiri," alimwambia mumewe. "Kengele hana pumzi ya kusubiri."

Daktari wa kiwanda alipita, akauchunguza uzi kwenye mwanga, akasema ni uzee.

"Uzee gani unaotoa pamba, mwanangu?"

"Hutofautiana, mama," alisema daktari, akaondoka.

Baada yake alikuja mtunza stoo, akisukuma mkokoteni wenye gurudumu kubwa la mbao la kukunjia uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Nimetumwa. Pamba hii ni mali ya kiwanda. Siku ya kustaafu hukuikabidhi."

"Ilikuwa kifuani."

"Ndiyo. Tunaiita mali iliyotoka bila kibali."

Mume aliweka bisibisi chini. "Na kikohozi je? Hicho ni mali ya nani?"

Mtunza stoo alifikiri kwa unyoofu. "Hicho ni chenu, mzee. Sisi tunachukua pamba tu."

Aliomba maji, akanywa, akasema pole, akafungua uzi kwenye nondo. Aliukunja wote, mtaa kwa mtaa, akiziweka kando soksi za jirani bila kuzichafua.

Asubuhi ile Kengele alikuwa amechelewa kujibu, na mvuto wake ulikuwa mdogo kama wa mtoto mchanga. Sasa hapakuwa na kitu cha kuvuta. Mama Fundo alizunguka chumba, akakunja nguo iliyokwisha kukunjwa, akafungua mlango, akaufunga. Kisha akachana mto wa kulalia wa pamba, akaukung'utia usoni pake, akavuta vumbi lake.

"Utajiua!" alisema mumewe.

"Acha maneno. Nipige mgongoni."

Akampiga. Uzi ukaja, ukisitasita. Mahali fulani ulikuwa na rangi ya waridi. Mumewe alibeba ncha mpaka ng'ambo ya reli, yeye akimfuata na kupumzika kila penye ukuta. Juu ya kibanda, kutoka dirisha la ghorofani, ulining'inia uzi mfupi mpya, bado umelowa. Fundi viatu alipanda kwenye kiti cha wateja, akaushika kwa vidole viwili, Mama Fundo akaunga.

Akavuta. Treni ikaja, wakauinua uzi juu, ikapita, wakaushusha. Mume alijifanya anatazama viatu. Mama Fundo alisali, safari hii mpaka mwisho wa sala.

Uzi ukavutwa.

Ijumaa mtunza stoo alirudi, akamkuta dirishani. Akasema uzi umesifiwa kiwandani, umeshapelekwa kwenye mashine, na wakubwa wanauliza kama wazee wangeweza kukohoa kidogo zaidi.

"Kaa, mwanangu," alisema Mama Fundo, mkono wake ukiwa juu ya uzi. "Usikunje kwanza. Mimi na Kengele tunazungumza."

Mtunza stoo akakaa, akasubiri, akakohoa kidogo.