Sauti ya Nyumbani

...mshale gani huo wa kunyooshea watu vidole, umelala kushoto tu kama mlevi aliyeegemea ukuta, mwekundu, na mjukuu wake ameketi ukingoni mwa kitanda, gitaa la marehemu babu yake mapajani, simu yenye huo mshale wa kupimia sauti ameisimamisha kwenye mto, vidole viko juu ya sikio la kukazia uzi, 'Nikaze, Bibi?', kaza, nani amekuzuia, si ndicho ulichokuja kufanya, lakini neno halitoki, mtoto anaitazama simu tu, mwalimu mzima wa chekechea anaiuliza simu habari za sauti, siku hizi mtu akitaka kujua kama ana njaa anaitazama simu kwanza, 'Nikilipeleka shule hivi litagombana na kinanda,' mjukuu anasema, gombaneni, chaneni na nguo, mradi muondoke nalo, maana bibi mwenyewe ndiye aliyemwita, njoo ulichukue kabla sijalitia kwenye moto, na sababu hakuisema, aiseme kwa nani, waanze kupeana macho, bibi ameanza, bibi afungiwe mlango... tangu waliporudi makaburini gitaa hili linamjibu, anakohoa, kimya, anamfukuza paka, kimya, halafu anasema kitu cha kawaida tu, funga mlango, lete chumvi, neno lolote likishuka mahali fulani kooni, na kule ukutani mmmm, ndani ya mbao, kama mtu anayeitika huku amefumba mdomo, akaligeuza litazame ukuta, likaitika, akalifunika shuka, likaitika chini ya shuka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, ikawa ananong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe, yeye, ambaye majirani walikuwa wakizima redio ili wamsikie vizuri akigombana... 'Ajabu,' mjukuu anadonoa uzi mmoja, anadonoa wa pili, anadonoa nyuzi zote, 'zote ziko chini, tena karibu sawasawa. Gitaa likilegea lenyewe, kila uzi hushika njia yake. Hili limeshushwa. Mke mwenzangu, hivi mume wetu alikuwa anatyuni nyuzi hizi kwa kutumia nini?' 'Kwa kutumia mimi,' anajibu, kwa kunong'ona, na mtoto anacheka, anadhani ni utani, hakuna utani hapo, mzee alikuwa anakuja na gitaa mpaka mlango wa jikoni, anaegemea mwimo, 'Kengele, nipe sauti,' Kengele ndiyo yeye, jina la tangu anaimba na bendi, kabla ya watoto, kabla ya mgongo huu, naye huku anamenya viazi, bila hata kuinua macho, anaitoa ile moja, mmmm, mzee anazungusha sikio la gitaa, anasikiliza, anazungusha tena, 'Haswa. Hujasogea hata unywele,' anakwenda zake sebuleni, miaka yote hiyo hajasogea, meno yametoka, kiuno kimekwenda na asiyejulikana, magoti yanalia kama bawaba, lakini sauti ipo palepale ilipoachwa na usichana, watu wengine wana mashamba, yeye alikuwa na hiyo, na shahidi wake hakuwa mtu wa kubahatisha, alikuwa na sikio la kusikia nzi akipita nyumba ya pili... 'Haya itoe basi, tuipime,' na simu inaletwa mdomoni kama kijiko cha dawa, niondolee hicho kidude, 'Bibi, unaogopa mashine?', aogope mashine yeye, aliyeimba mbele ya spika zilizokuwa zikirusha cheche, ananyoosha shingo, anaitoa, mmmm, na gitaa linaitika papo hapo mapajani mwa mtoto, bibi anashika ukingo wa kitanda, sasa na mwingine amesikia, sasa watajua kwamba mzee hajaondoka... na mtoto hata hashtuki, anapiga kelele za furaha, 'Umeona uzi ulivyotikisika wenyewe! Ndivyo unavyofanya, sauti ikiwa sawa na uzi, uzi unaitika, hata wanangu darasani nawaonyesha,' anasema hivyo, kwa wepesi huo huo anaosemea habari za herufi, 'na tazama mshale, umelala palepale, Bibi, wewe na gitaa mmeshuka pamoja, wewe na babu hamkuachana kitanda wala sauti,' anacheka mpaka anafuta machozi, cheka, cheka mwanangu, wewe unayo ya kucheka... mmeshuka, nani ameshuka, yeye yupo palepale, aliambiwa yupo palepale, hata unywele... lakini simu haikumjua akiwa msichana, haikulala naye, haina sababu ya kumfurahisha, na mshale umelala kushoto, na gitaa limelala nao, na gitaa halishuki lenyewe, mtoto ndivyo alivyosema, kila uzi hushika njia yake, kwa hiyo kuna mkono, na mkono anaujua, una kovu la kisu cha mkate, kila akitoa sauti yake ya jikoni imepungua chembe mkono unarudisha sikio nyuma chembe, Haswa, mwakani tena chembe, Haswa, mwongo mkubwa yule, mwongo wa kutupwa, kasimama mlangoni pangu miaka na miaka ananishusha polepole kama mtu anayeshusha jeneza, nisisikie nikigusa chini... na ile siku mzee aliporudi mapema kutoka kwenye mazoezi, gitaa begani, 'wale vijana wamechoka na wazee,' basi, hakusema zaidi, hakurudi tena kwenye bendi aliyoianzisha yeye, akawa anakaa barazani anapigia kuku, na mkewe akawalaani bendi nzima mmoja mmoja mpaka mpiga ngoma, na msibani walipokuja, wamesimama getini na mikono nyuma, aliwafuata hadi pale na kitambaa chake cha msiba, rudini mlikotoka, mlimuua nyinyi, hamgusi jeneza, na mpiga kinanda, jitu zima, analia kama mtoto aliyepotezwa sokoni, 'Mama, tulimwomba apandishe gitaa kidogo tu alingane na kinanda, kinanda hakina namna ya kushuka, akakataa, akasema sauti ya nyumbani kwake ndiyo hiyo,' na yeye akaona huyu anamletea mafumbo mbele ya maiti, akamfungia geti usoni, akajisifu wiki nzima... sauti ya nyumbani kwake... alikuwa na bendi na alikuwa na jikoni, akaambiwa achague, na hakunipa hata nafasi ya kumwambia chagua bendi, mpumbavu wee, mimi ningetafuta kitu kingine cha kujivunia, ningejivunia mchicha... na mimi nikamwogopa, mume wa watu, nikamfunika shuka, kumbe humu ndani hakuna aliyekufa anayesema, ni mimi tu, ile inayoitika ni mimi, mzuka wa nyumba hii ni mwanamke mmoja aliyeshushwa taratibu akadhani amesimama, na huyu mtoto akizungusha kisikio hicho mara moja tu, gitaa litakwenda kwenye mshale wa kijani, litalingana na kinanda, na shule, na dunia, kama wanavyotaka watu wenye akili, na humu ndani hakutakuwa na kitu hata kimoja kitakachonifahamu nikizungumza... wale watoto wa shule nao, wadogo vile, waimbie gitaa la chini kwa ajili ya nani, walikosa nini, aliyekubali kupishana na watu kwa ajili yangu ni mmoja, na huyo alijua anachokifanya... 'Bibi,' mjukuu ameacha kucheka, vidole vipo palepale juu ya sikio la gitaa, 'nikaze, au niache?', anamtazama usoni kama anavyowatazama watoto wanaotaka kulia bila kuanguka, na neno analo, liko tayari nyuma ya meno yaliyobaki, kaza, ni neno dogo, mtoto anayeanza kutembea analiweza, ila tangu azaliwe hajawahi kujiuliza, na sasa anajiuliza huku amefungua mdomo, gitaa likisubiri kuitika, alitoe kwa sauti ipi.